Simu Zilizozimwa na Kipimo cha Haki

Kwenye kibaraza kimoja cha Mtendeni, hapa Tabora mjini, kuna fundi simu ambaye chini ya meza yake ameweka ndoo ya plastiki ya lita 20. Haina maji wala asali. Imejaa simu zilizokufa. Nilimkuta Jumamosi moja nikirudi kutoka kwenye jumuiya ndogo ndogo, nikampa simu yangu anibadilishie kioo, na wakati nasubiri nikamuuliza kwa nini hazitupi.

"Frateri, nyingine humu hazina ugonjwa," alinijibu bila kuinua macho. "Ukizichaji zinawaka, muziki zinapiga, tochi inamulika. Ila mtandao hazishiki. Ni zile zilizozimwa mwaka 2016. Wenyewe waliniletea nizitengeneze, nikawaambia huu si ugonjwa wa fundi. Wakaziacha."

Kabla sijasema neno akafika mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa amenunua simu janja kwa fedha za mpunga. Haikuwa imemaliza hata miezi miwili, na tayari betri ilikuwa imevimba mpaka mfuniko wa nyuma umebinuka. Alitoka moja kwa moja dukani alikoinunua. Huko muuzaji alimwonyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Basi amekuja kwa fundi, na fundi naye ana bei yake.

Ndugu msomaji, ile ndoo na ile betri ni pande mbili za jambo moja. Upande mmoja serikali ilichukua hatua kali, na mwananchi akapoteza simu. Upande wa pili hakuna aliyechukua hatua, na mwananchi akapoteza simu vilevile. Ndiyo maana nimeona niandike. Hoja yangu ni hii: serikali ina haki, tena ina wajibu, wa kuweka viwango vya vifaa tunavyouziwa. Lakini kiwango cha haki huanza kumbana anayeingiza bidhaa na anayeuza, kabla ya kumgusa mnunuzi wa mwisho ambaye hakuwa na namna ya kujua.

Usiku wa Juni 16, 2016

Kwa wale waliokuwa wadogo wakati ule, tukumbushane. Kila simu iliyotengenezwa kihalali ina namba tambulishi yenye tarakimu 15, ambayo wengi tunaijua kama IMEI. Tarakimu 8 za mwanzo hueleza aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki kwa hesabu kwamba zilizotangulia hazikukosewa. Ugawaji wa namba hizo duniani unaratibiwa na GSMA, umoja wa kampuni za simu. Ukibonyeza *#06# utaiona namba ya simu yako kwenye kioo.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kuwa na rajisi ya kitaifa ya namba hizo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilianza kuutumia mfumo huo Desemba 2015 na kutoa muda wa miezi sita. Wananchi walielezwa watume namba ya simu zao kwenda 15090 ili wajue kama ni halali. Usiku wa Juni 16, 2016 muda ukaisha, na simu ambazo namba zao hazikutambulika zikazimwa kwenye mitandao yote. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wametangulia: mwishoni mwa Septemba 2012 walizima simu zaidi ya milioni moja.

Sitaki niwe mwepesi wa kulaumu. Hatua ile ilikuwa na faida za kweli. Simu iliyoibwa inaweza kuzimwa isitumike kwenye mtandao wowote nchini, mradi mwenyewe ametoa taarifa polisi na kwa kampuni yake ya simu. Mwizi wa simu akijua kwamba alichokwapua kitakuwa tochi tu, mkono wake utasita kidogo. Tena bidhaa bandia ni wizi: inamwibia aliyebuni, inaiibia nchi kodi, inamwibia mnunuzi aliyedhani amenunua kitu cha maana.

Lakini tujiulize, nani aliyelipa gharama ya usafi ule? Simu bandia haikuota kama uyoga kwenye pori la Sikonge. Ilitengenezwa kiwandani, ikapakiwa, ikashushwa bandarini au ikavushwa mpakani, ikasafirishwa kwa lori, ikapangwa kwenye kabati la kioo katika duka lenye leseni ya biashara, ikauzwa mchana kweupe. Ilipita milango mitano au sita, na kila mlango ulikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuulinda. Milango yote ikabaki wazi. Mlango uliofungwa ni ule wa mwisho kabisa, yaani mfuko wa mnunuzi. Aliyeingiza kontena zima alikwishauza na kuhesabu faida yake. Mama muuza vitumbua ndiye aliyeamka asubuhi ya Juni 17 akakuta simu haishiki mtandao, fedha zake ziko salama kwenye laini lakini hana cha kuzitolea, na wateja wake hawampati.

Namba si ubora

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi mara kwa mara. Namba tambulishi inasema simu ni ipi. Haisemi simu ni nzima. Ni kama cheti cha ubatizo: kinaonyesha nani alibatizwa, lini na wapi, lakini hakiwezi kukuambia kama mwenye cheti anasali. Simu ya yule mama wa Mtendeni tuliikagua pale pale kibarazani. Namba yake ilikuwepo na ilitambulika. Kwa rajisi, ile ni simu halali. Betri ndiyo iliyokuwa hatari.

Hata mtengenezaji wa simu bandia si mjinga. Anaweza kuchukua namba ya simu halali akaipandikiza kwenye simu yake. Kwa hiyo ukaguzi wa namba peke yake ni kama mlinzi wa geti anayesoma vitambulisho bila kutazama sura. Ni mwanzo mzuri, lakini bado mtu anahitaji kufungua boksi, kupima betri, kupima chaji, na kuangalia kama kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo ndani.

Aina tatu za kanuni

Nadhani tunachanganyikiwa kwa sababu tunaita kila kitu kanuni za serikali, kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona aina tatu, na kila moja inagusa uhuru wa mnunuzi kwa njia yake.

Ya kwanza ni kanuni za kinga. Chukua soketi ya ukutani. Nyumba zetu zina soketi za matundu matatu, urithi kutoka kwa Waingereza. Lile tundu la juu lina kazi: pini ndefu ya juu inapoingia ndipo vifuniko vya matundu mawili ya chini vinapofunguka, ili kidole au waya wa mtoto usifike kwenye umeme. Sasa angalia tunavyofanya. Tunanunua chaji ya pini mbili, tunatafuta kijiti au kalamu, tunachokonoa tundu la juu, na chaji inaingia. Tumeshinda kiwango. Tumemshinda pia mtoto wetu, kwa sababu kinga yake tumeiondoa kwa kijiti. Hapa anayelegeza kiwango hampi mnunuzi uhuru wowote. Anahamisha hatari kutoka kwa muuzaji kwenda kwa familia.

Ya pili ni kanuni za ulinganifu, zinazofanya kitu cha huyu kiingie kwenye kitu cha yule. Watu wa Tabora tunazijua bila kusoma. Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1912 ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine hata ukilisukuma. Kwenye simu ni hivyo hivyo. Wengi tunakumbuka enzi ambazo kila kampuni ilikuwa na chaji yake, na ukisahau yako nyumbani unazunguka kijiji kizima ukiulizia mwenye pini ndogo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu, tableti na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa huko viwe na tundu moja la chaji, lile tunaloliita Type C, kuanzia Desemba 28, 2024. Apple, iliyokuwa na tundu lake peke yake, ilibadilisha iPhone zake mpya mwaka 2023.

Tazama matokeo yake. Kampuni moja ilipoteza uchaguzi, mamilioni ya watu wakaupata. Na kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza simu za aina mbili, faida inatufikia hata sisi ambao hatukupiga kura kwenye bunge lile. Wapo wanaosema sheria ya namna hiyo inaweza kuzuia ubunifu: ikiwa tundu la leo limeandikwa kwenye sheria, tundu bora la kesho litaingiaje? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba kanuni za ulinganifu ziwe na mlango wa kurekebishwa, zisiwe mawe.

Ulinganifu ukikosekana, mnunuzi hulipa mara mbili. Tukumbuke ving'amuzi. Desemba 31, 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, kisha mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Picha ikawa safi, chaneli zikaongezeka. Lakini kila kampuni ilikuja na kisanduku chake, na kisanduku cha huyu hakikufungua chaneli za yule. Kisha mwaka 2018, waliokuwa wamenunua baadhi ya ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia wakaona chaneli za ndani zimeondolewa, kwa sababu leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kuzionyesha. Yawezekana sheria ilisema hivyo. Lakini mzee aliyenunua king'amuzi ili aone taarifa ya habari hakusomewa leseni ya mtu alipokuwa anatoa fedha. Nyumba moja ikawa na ving'amuzi viwili juu ya runinga moja, na rimoti mbili ambazo bibi anazichanganya.

Aina ya tatu ni kanuni za usajili: nani ana kifaa gani, namba gani, laini gani. Hizi zinahitajika kwa usalama, lakini ndizo zinazoweza kuteleza kwa urahisi zaidi. Kanuni ya kinga inamtazama mtengenezaji. Kanuni ya usajili inamtazama mtumiaji. Serikali ikijikuta ina kanuni nyingi za usajili na chache za kinga, ijue imegeuza kurunzi: inammulika mnunuzi na kumwacha muuzaji gizani.

Somo la njia ya misafara

Tabora haihitaji kufundishwa habari za viwango na uchaguzi wa mnunuzi. Mji huu ulisimama juu ya biashara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikagawanyika kwenda Ujiji na kwingineko. Ilibeba pia aibu kubwa, watu waliofungwa minyororo, na hilo hatulifuniki. Lakini katika biashara ile ya nguo na shanga mna mafunzo.

La kwanza: nguo ilikuwa fedha, na fedha ina kipimo. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti. Lakini mkono wa nani? Mkono ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na Mungu hakutuumba sawa. Pasipo kipimo cha pamoja, mwenye nguvu ndiye anayepima kwa mkono unaompendeza. Leo mkulima wa tumbaku wa Urambo anaomba mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa sababu hiyo hiyo, na mkulima wa viazi anapiga kelele dhidi ya lumbesa kwa sababu hiyo hiyo.

La pili: mnunuzi wa bara hakuwa mtu wa kupokea chochote. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Unyamwezi walipenda nyekundu. Mfanyabiashara aliyebeba mzigo wa shanga zisizotakiwa alikuwa amebeba mawe. Babu zetu walikuwa na uchaguzi, na uchaguzi wao uliwalazimisha watengenezaji wa mbali kuwasikiliza. Basi tusikubali kuambiwa kwamba mtu wa Tabora achukue tu kinachobaki.

La tatu: watawala wa njiani walitoza hongo. Siku hizi neno hilo lina maana mbaya, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita. Msafara ulilipa, na ukatarajia kupita salama. Mtawala aliyechukua hongo kisha akauacha msafara uporwe hakuwa na tofauti na mnyang'anyi. Sisi nasi tunalipa ushuru wa forodha ndani ya bei ya simu, tunalipa kodi ya ongezeko la thamani, tunalipa tozo. Tumekwisha kulipa hongo ya njia. Tunayo haki ya kudai njia salama.

Uchaguzi wa maskini

Rafiki yangu mmoja aliposikia hoja hizi alisema: "Waache watu wanunue wanachotaka. Mwenye hela ndogo anunue simu ndogo. Ukiweka viwango vikali, bei inapanda, na maskini anabaki bila simu kabisa." Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuishi na kipato cha msimu. Kwa mtu wa Uyui anayepata fedha mara moja kwa mwaka, tofauti ya shilingi elfu kumi ndiyo tofauti ya kuwa na kitochi na kutokuwa nacho.

Lakini naona makosa mawili ndani yake. Kwanza, uchaguzi bila taarifa si uchaguzi. Yule mama hakuchagua betri inayovimba. Alichagua simu, na betri inayovimba ilikuwa imefichwa ndani. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakaongeza bei, na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Kosa halikuwa la maskini waliokubali kununua. Mnunuzi wa makapi hakuwa anatumia uhuru wake, alikuwa anadanganywa.

Pili, bei ya chini ya kitu kibovu ni deni. Anayenunua simu mbovu mara tatu kwa miaka miwili ametumia fedha nyingi kuliko aliyenunua nzima mara moja. Papa Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alieleza kwamba matajiri wana njia nyingi za kujikinga wenyewe, lakini wanyonge hawana ngome nyingine isipokuwa ulinzi wa dola. Tajiri akiuziwa simu bovu atanunua nyingine au atamwita wakili. Yule mama ana mtoto mgongoni na maandishi ya chini ya risiti.

Njia ya kumsaidia maskini apate kifaa bora ni kutazama bei kwa upande mwingine. Mwaka 2021 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, tableti na modemu, ili watu wengi zaidi wafikiwe na intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, kwa maelezo kwamba nafuu haikuwafikia waliokusudiwa. Naelewa hasira ya kuona msamaha unaishia mifukoni mwa wachache. Lakini ukigundua bomba linavuja njiani, unaziba tundu au unafunga maji? Wangeweza kubana usimamizi wa bei badala ya kurudisha kodi kwa mnunuzi. Tena, hapa mnunuzi wa mwisho ndiye aliyebeba mzigo wa makosa ya waliomtangulia.

Tunachoomba, na tunachopaswa kufanya

Mafundisho jamii ya Kanisa yanatupa kanuni mbili zinazotembea pamoja: mafao ya wengi, na kanuni ya auni, kwamba ngazi ya juu isipokonye kazi inayoweza kufanywa na ngazi ya chini, bali iisaidie. Kwa msingi huo, naona haya yanawezekana.

Ukaguzi uanze mlangoni. Shirika la Viwango Tanzania, Tume ya Ushindani na TCRA zina mamlaka yake kila moja. Bidhaa ikikamatwa bandarini, hasara ni ya aliyeiagiza. Ikikamatwa Mtendeni, hasara ni ya mama. Kila hatua inayosogeza ukaguzi kutoka Mtendeni kwenda bandarini ni hatua ya haki.

Kifaa kikizimwa, kuwe na njia ya kurudishiwa. Aliyenunua dukani na ana risiti, muuzaji amrudishie fedha au ambadilishie, naye muuzaji amdai aliyemuuzia, hivyo hivyo mpaka kwa mwagizaji. Maandishi ya chini ya risiti yasiwe makubwa kuliko sheria. Na vifaa vilivyozimwa viwe na mahali pa kupelekwa. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa. Ndoo ya fundi wangu ina betri kuukuu ambazo siku moja zitaishia kwenye shimo la taka karibu na kisima.

Taarifa ziende mapema na kwa lugha ya watu. Tangazo la runinga halimfikii asiye na runinga. Parokia zetu zina matangazo baada ya komunyo, misikiti ina ijumaa yake, serikali za mitaa zina mikutano. Anayetaka kuwafikia watu wa Tabora ndani ya wiki mbili anaweza.

Na sisi je? Papa Benedikto wa XVI aliandika mwaka 2009, katika Caritas in Veritate, kwamba kununua nako ni tendo la kimaadili, si la kiuchumi tu. Tuanzie hapo. Tusinunue simu ya bei ya ajabu kutoka kwa kijana aliyesimama kwenye kona akitazama nyuma. Hiyo ni simu ya mtu. Tubonyeze *#06# kabla ya kulipa, na tulinganishe namba ya kwenye kioo na ile ya kwenye boksi. Tudai risiti na tudai garantii kwa maandishi, hata kama muuzaji ni jirani yetu wa Jumapili. Hasa kama ni jirani yetu wa Jumapili. Muuzaji Mkristo anayejua kwamba simu ile ni bandia na akainyamazia, asidhani dhambi hiyo imeliwa na soko. Na ndugu zangu mafrateri tunaojua kusoma kanuni na fomu, tusione haya kuandamana na mama wa jumuiya hadi dukani.

Ndivyo nilivyofanya siku ile. Sikuwa na mamlaka yoyote, nilikuwa na viatu tu. Tulirudi dukani watu watatu, mama, fundi na mimi. Fundi akaiweka simu juu ya kaunta na kueleza kwa upole kwamba betri ile ikipasuka ndani ya nyumba itamjeruhi mtoto. Muuzaji alitazama simu, akamtazama mtoto, akatazama wateja wengine waliokuwa wanasikiliza. Simu hakuibadilisha. Alitoa betri nyingine, bure, na kusema hata yeye huletewa tu maboksi kutoka mjini, haoni kilichomo.

Nimelitafakari neno lake la mwisho. Huenda ni kweli. Huenda naye ni mlango mmoja kati ya ile mitano au sita, na hakuna aliyemkabidhi funguo. Mama alishukuru, akaondoka. Fundi alirudi kibarazani, akaiokota ile betri iliyovimba kwa kipande cha gazeti, akaitumbukiza kwenye ndoo.